Mwanga Uangukie Njiani

Leo nazungumza juu ya taa za nje: za uani, za bustanini, za ile njia itokayo getini hadi mlangoni. Nina shauri moja ninaloliamini kwa dhati, nalo ni kwamba taa ya nje iangaze pale mtu anapokanyaga na iyaache macho yake salama. Anayelishika hilo hababaiki dukani, hamalizi uniti za luku bure, wala hagombani na jirani.

Pita saa mbili usiku kwenye mitaa iliyojengwa miaka ya karibuni hapa Dar es Salaam: Goba, Madale, Mbweni, Kigamboni. Nyumba nyingi zina taa kali nyeupe juu ya ukuta, imeelekezwa barabarani. Ukiitazama unafumba macho. Ukiyashusha uone unapokanyaga, huoni kitu, maana mboni imeshasinyaa. Mboni husinyaa mara moja mbele ya mwanga mkali, lakini jicho kulizoea giza tena kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo mwenye taa amewapofusha wapita njia, na kwa upande wa ndani amejipofusha mwenyewe. Nyuma ya gari, nyuma ya tangi la maji, nyuma ya kichaka cha bogenvilia, kivuli kinaonekana kizito kuliko giza la kawaida. Mwizi anayeijua kazi yake atasimama hapohapo.

Mtazame na mlinzi. Mara nyingi kiti chake kimewekwa chini ya taa ileile. Kila anayepita anamwona, naye haoni mita 10 mbele yake. Anakaa hivyo usiku kucha, wadudu wakimwingia masikioni. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika nyumba zetu, ningemhamisha mlinzi huyu. Akae penye kivuli, na mwanga uwe mbele yake, chini, ukiangukia geti na sehemu ya mbele ya ukuta. Hapo anayekuja ndiye aonekane, na anayelinda ndiye aone. Ni usalama wa nyumba, na ni heshima kwa mtu anayekesha ili wengine walale.

Nijuavyo, chanzo cha taa hizi kali ni mazungumzo mafupi ya dukani au ya siku ya wayaringi. Fundi anasema, "Mama, weka moja kubwa tu, itamaliza uwanja mzima." Mama anakubali, kwa sababu moja ni nafuu kufunga kuliko sita. Lakini mwanga haufanyi kazi hivyo. Ukienda mbali na taa mara mbili ya ulivyokuwa, mwanga unaokufikia unabaki robo. Ukienda mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Taa moja kubwa, ili ifike mwisho wa uwanja, lazima iwe ya kuumiza macho kwa aliye karibu. Taa ndogo sita, zikiwa karibu na ardhi kila moja mahali pake, zinatoa mwanga ulio sawa toka mwanzo wa njia hadi mwisho, na zote pamoja zinakula umeme mdogo kuliko ile moja.

Ndogo kiasi gani? Hapa naomba tuukumbuke mwezi. Waliolelewa vijijini wametembea kwa mbalamwezi, wametwanga, wamecheza, wamepiga soga hadi usiku mkubwa bila kujikwaa. Mwanga wa mwezi mpevu, siku mbingu ni safi, haufiki hata laksi 1. Kwa kawaida ni kama robo yake. Laksi 1 ni lumeni 1 iliyoenea kwenye mita moja ya mraba. Sasa chukua taa ndogo ya lumeni 100, uuelekeze mwanga wake kwenye mita 10 za mraba za njia. Umepata laksi 10, yaani mara 40 ya mbalamwezi. Kwa mguu wa mtu anayetoka getini kwenda mlangoni, hiyo inatosha na kuzidi. Lakini watu wananunua taa ya ukutani ya wati 50, ambayo kwa LED ni lumeni 4,000 na zaidi, ili waone tofali tano za njia.

Kwa hiyo dukani usiulize wati, uliza lumeni. Wati zinakwambia taa inakula umeme kiasi gani. Lumeni ndizo zinazokwambia inatoa mwanga kiasi gani. Balbu ile ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na LED ya wati 9 inatoa zilezile. Kwa njia ya bustani, lumeni 100 hadi 200 kwa kila taa. Kwa ngazi, hata chini ya hapo, mradi kila ngazi ipate. Kwa getini, ambapo unataka kuuona uso wa mgeni na tundu la ufunguo, lumeni 400 au 500 zikishuka kutoka juu zinatosha.

Jambo la pili la kusoma kwenye boksi ni rangi ya mwanga, nayo huandikwa kwa kelvini. Namba 2700 au 3000 ni mwanga wa joto, wa njano, unaokaribia ule wa chemli. Namba 6500 ni mweupe wa kuelekea bluu, na ndio uliojaa madukani kwetu. Weupe huo una asili yake. Ndani ya taa ya LED nyeupe kuna kiini kinachotoa mwanga wa bluu, na juu yake umepakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano, macho yakichanganya yanaona weupe. Kiini hicho cha bluu kilikuwa kigumu kukipata kiasi kwamba wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kukivumbua. Ni kazi kubwa, imetuletea taa za bei nafuu hata kule ambako gridi haijafika. Lakini kadiri bluu inavyobaki nyingi ndani ya mwanga, ndivyo wadudu wanavyouona kwa mbali na kuufuata.

Nguvu ya mwanga juu ya wadudu haihitaji kuelezwa Bukoba. Msimu wa senene ukifika, mwezi wa kumi na moja hivi, watu hutega taa kali mbele ya mabati yanayong'aa, na senene huvutwa kutoka angani, hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Masaka huko Uganda hufanya vivyo hivyo. Wavuvi wa dagaa nao, Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, walijua tangu enzi za karabai kwamba taa juu ya maji hukusanya samaki, na kwamba usiku wa mwezi mpevu kazi haifai, kwa sababu mwezi unaimeza taa. Sasa mtu anafunga mtego wa aina hiyohiyo juu ya meza yake ya chakula barazani, halafu mvua ya kwanza ikinyesha analalamika kumbikumbi wamejaa kwenye mchuzi! Weka mwanga wa njano, upunguze ukali, uusogeze mbali na mahali pa kulia, na utaona tofauti usiku uleule. Mbu ni habari nyingine. Mbu wa malaria anafuata pumzi na harufu ya mwili, kwa hiyo taa yoyote uifungayo uani haitakuondolea haja ya chandarua.

Na si wadudu wasumbufu tu wanaohusika. Vimulimuli hutafutana kwa kuwaka na kuzima. Penye mwanga mkali, dume haoni jibu la jike, na kizazi kinakatika mahali hapo. Watoto wengi wa mjini leo hawajawahi kumwona kimulimuli, na taa zetu zina sehemu katika hasara hiyo. Popo wa matunda, ambao wengi wetu tunawafukuza, ndio wanaochavusha mbuyu na msufi, na maua ya mbuyu hufunguka jua likizama na kudondoka baada ya siku moja tu. Ukiwa na mbuyu uwanjani, usiumwagie taa.

Walio ufukweni nawasihi zaidi. Kasa huja usiku kutaga mchangani, kisiwani Juani huko Mafia, Watamu huko Kenya, na kwenye fukwe nyingine nyingi za pwani yetu. Watoto wao wakianguliwa, nao hutoka usiku, huelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa miaka mingi kabla ya umeme, upande huo ulikuwa bahari, iliyobeba mng'ao wa mbingu. Siku hizi mara nyingi ni taa za nyumba na hoteli, na mtoto wa kasa anatambaa kuelekea bara hadi jua linamkuta hapo. Mwenye nyumba ya ufukweni anaweza kulizuia hili kwa gharama ndogo sana: taa zinazoelekea baharini zizimwe msimu wa kutaga, na zile zisizoepukika zifunikwe upande wa bahari na ziwe za rangi ya kaharabu.

Ninayasema haya pia kwa sababu bustani ya pwani, tangu asili, usiku haikuwa ya macho. Ilikuwa ya pua. Asumini hupandwa karibu na dirisha ili harufu iingie ndani watu wakishapumzika. Kilua na langilangi hunukia jua likishashuka. Bibi zetu walichagua mimea ya usiku wakijua wanachokifanya. Anayeung'oa mwasumini aweke nguzo nne za taa nyeupe amebadilishana vibaya.

Basi taa zikae wapi? Kwanza, mwanga wote utazame chini. Chagua taa yenye kofia, ambayo balbu yake huioni ukiwa umesimama. Kwa njia, nguzo fupi zisizopita goti, upande mmoja wa njia, au kwa kupishana kushoto na kulia. Ngazi ziangazwe kutoka ukutani, chini, kwa sababu ngazi ndiyo huvunja nyonga za wazee wetu, na hapa sina ubahili: kila ngazi iangazwe. Mti mmoja unaweza kuangazwa kwa uzuri wake, mwarobaini au mkungu wenye matawi yaliyotandaa, taa ikae karibu na shina na izimwe saa nne usiku. Mmoja, nasema. Miti yote ikiwaka, hakuna unaouona. Nyuma ya nyumba na ubavuni, mahali pasipopitwa mara kwa mara, funga taa yenye sensa ya mwendo. Hiyo ndiyo taa ya ulinzi ya kweli, kwa kuwa jicho la binadamu hushtushwa na badiliko: taa iliyowaka usiku kucha hakuna anayeitazama, ila inayowaka ghafla hata jirani anachungulia. Na jirani huyo mfikirie kabla hujakaza skrubu. Nenda usimame upande wake wa ukuta, uangalie kama taa yako inaingia chumbani kwake.

Kabla ya kuchimba chochote, chukua tochi mbili tatu au hata simu, mtu mmoja azishike pale unapokusudia kuweka taa, wewe utembee toka getini kama mgeni. Utajua ndani ya dakika chache ni ipi inakupiga machoni na ni wapi umepasahau.

Sasa gharama. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya kama saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni, mwaka mzima, na usiku wetu ni wa takriban saa 12 siku zote. Taa nne za wati 50, zikiwaka usiku kucha, zinakula uniti 2.4 kila usiku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, yule wa daraja la D1, ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Taa za ukutani peke yake zimemaliza karibu fungu lote, kabla ya friji, kabla ya pasi. Linganisha na taa nane za njia za wati 5, zikiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni kwa taima. Hazifiki uniti 5 kwa mwezi.

Wengi watasema: nitafunga za sola. Nami nasema funga, lakini usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Taa imeandikwa wati 200, paneli yake ina ukubwa wa daftari la A4. Paneli ya ukubwa huo, jua la utosi, haitoi zaidi ya wati 12 hivi. Tuseme 10. Kwa saa 5 za jua zuri umevuna wati-saa 50. Uzigawe kwa saa 12 za usiku, hata kabla ya kutoa kinachopotea njiani, zinabaki wati 4. Wati 4 za LED ni mwanga mzuri kabisa wa njia, kama nilivyoonyesha, ila si wati 200, na anayekuuzia anajua. Uliza ukubwa wa paneli, na uliza aina ya betri: ile ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma hustahimili kuchajiwa mara 2,000 na zaidi, ile ya asidi mara mia chache. Paneli isikae chini ya mwembe. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, na ifutwe vumbi. Masika, mawingu yakitanda siku tatu nne, itawaka kwa unyonge, nawe uwe umelitegemea hilo.

Upande wa umeme wa TANESCO ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa watu hufa. Uani mtu yuko pekupeku, udongo umelowa, bomba la kumwagilia liko mkononi. Volti 230 zikivuja hapo, mwili ndio unakuwa njia ya kwenda ardhini. Saketi breka ya kawaida haimwokoi mtu, maana yenyewe inasubiri ampea nyingi ndipo ikate, na moyo wa mtu husimama kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinachomwokoa ni kile kifaa mafundi wanachokiita RCD, cha miliampea 30, kinachohisi umeme unaovuja na kuukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Saketi ya nje iwe na RCD. Geti la chuma lenye taa liwe na ethi, na nguzo za chuma vilevile. Watoto hubembea kwenye mageti.

Waya wa ndani ya nyumba usilazwe chini ya nyasi. Jembe na fyekeo vitaufikia, na mchwa kabla yake. Itumike kebo ya ardhini, ndani ya bomba, kina cha sentimita 50 au 60, mchanga chini na juu, kisha safu ya matofali ili atakayechimba baadaye ashtuke mapema. Chora ramani yenye vipimo kutoka ukutani, uiweke pamoja na karatasi za nyumba. Maungio yote yawe ndani ya boksi lisilopitisha maji. Tepu nyeusi iliyozungushwa kwenye ungio na kufukiwa udongoni haimalizi masika moja.

Kwa bustani yenye watoto napendekeza zaidi mfumo wa volti 12, transforma ikiwa juu ukutani mahali pakavu. Lakini volti 12 ina masharti yake. Taa 10 za wati 5 zikiwa umbali wa mita 30, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, hupoteza njiani karibu volti 3, robo nzima, na taa za mwisho zinafifia. Tumia waya wa milimita 4 na upotevu unashuka hadi volti 1 hivi.

Kwenye taa yenyewe tafuta herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inatosha chini ya paa la baraza, IP65 kwa inayonyeshewa, IP67 kwa inayofukiwa ardhini ambako madimbwi ya masika yatasimama juu yake. Tundu la waya lizibwe vizuri, kwani mijusi huingia kufuata wadudu, hufia humo na kuleta shoti. Kigamboni, Bagamoyo, Tanga, Mombasa, popote chumvi inapofika, chuma kilichopakwa rangi kitaoza upesi. Lipia chuma cha pua au plastiki ngumu ya nje.

Fundi awe na leseni, kwa Tanzania Bara ile inayotolewa na EWURA, na kwa wasikilizaji wa Kenya ile ya EPRA. Akimaliza, usimlipe mchana. Mwombe arudi giza likiingia, mwashe taa, mtembee pamoja toka getini hadi mlangoni, arekebishe yale yanayopiga machoni. Halafu nendeni kwenye meni swichi, abonyeze kitufe cha kupimia kwenye RCD mbele yako. Taa zote za nje zizimike palepale. Zisipozimika, kifaa kibadilishwe kabla hajafunga mfuko wake wa vyombo. Baada ya hapo kitufe hicho ni kazi yako wewe mwenye nyumba, kila mwanzo wa mwezi.